Stesheni ya Kima na Gharama ya Kusimama

Wengi wanaoijua stesheni ya Kima wanaijua kwa ajili ya simba. Usiku mmoja wa Juni 1900, afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alilala ndani ya behewa lake hapo ili amvizie simba aliyekuwa akiwashambulia wafanyakazi. Usingizi ulimshika, simba akaingia akamuua, akamtoa kupitia dirishani. Behewa hilo lipo hadi leo katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Kisa hicho kimesimuliwa kwa zaidi ya miaka 120, na kimefunika swali ambalo naliona kubwa zaidi: Waingereza waliokuwa wakihesabu kila pauni walitaka stesheni ya nini katika nyika ya Ukambani, zaidi ya maili 250 kutoka Mombasa?

Tuanze na pauni zenyewe. Mwaka 1896 Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni milioni 3 kwa reli nzima kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, zilikuwa zimeshatumika zaidi ya pauni milioni 5. Ukizigawa kwa maili zipatazo 580, kila maili ilikula zaidi ya pauni 8,600, ukijumlisha madaraja, injini na mabehewa. Kuna hesabu nyingine ambayo haifai kuachwa nyuma ya hiyo ya fedha. Kati ya wafanyakazi karibu 32,000 walioletwa kutoka India, 2,493 walifariki. Hao ni zaidi ya watu wanne kwa kila maili.

Kwa gharama hiyo hapakuwa na uwezekano wa kujenga njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Ilijengwa moja. Hapo ndipo Kima inapoingia, maana njia moja haiwezi kupitisha treni mbili zinazokabiliana mpaka moja iipishe nyingine. Chukua mfano: stesheni mbili zina umbali wa kilomita 60 kati yake, na treni inakwenda kilomita 30 kwa saa. Treni ikishaingia katika kipande hicho, hakuna nyingine inayoruhusiwa kuingia kutoka upande wa pili kwa saa mbili. Kwa saa 24 zitapita treni 12 tu, yaani sita kwenda na sita kurudi, hata kama bandarini mizigo imejaa hadi kwenye paa. Sasa weka stesheni ndogo katikati, yenye njia ya pembeni inayotosha urefu wa treni moja. Kila kipande sasa kinachukua saa moja. Treni zinafika 24.

Umeongeza uwezo wa reli maradufu kwa kutandika chuma kisichofika hata maili moja, badala ya maili 37 za njia ya pili. Kwa wastani ule wa pauni 8,600, maili 37 zingegharimu karibu pauni 320,000. Stesheni ya aina ya Kima haikuhitaji kuuza hata tiketi moja ili ilipe gharama yake. Iliilipa kila mara treni mbili zilipopishana salama.

Aliyebeba dhamana ya usalama huo ni stesheni masta. Aliwasiliana kwa telegrafu, baadaye kwa simu, na mwenzake wa stesheni ya mbele kuuliza kama njia i wazi, na dereva hakuondoka mpaka apewe ruhusa. Kosa la dakika moja lingegonganisha treni. Enzi za mvuke treni zilisimama pia kwa ajili ya maji, shughuli nzito ya reli, hasa katika nchi kavu kama Ukambani. Injini kubwa za daraja la 59, zilizoletwa miaka ya 1950 na kuvuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, zilibeba karibu lita 39,000 za maji kila moja, na bado zilihitaji kujazwa njiani.

Kwa kuwa treni ilisimama hata hivyo, wanakijiji walipata huduma ambazo hakuna aliyezipangia bajeti kubwa: tiketi, vifurushi, barua, telegrafu, na dirisha la behewa la kuuzia matunda na mayai. Maduka yalifuata. Ndivyo ilivyoanza miji mingi ya njia ile, ukiwemo jirani wa Kima, Sultan Hamud, uliokuwa maili ya 250 na ukapewa jina la Sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed.

Treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ilikoma Aprili 2017. Mwezi uliofuata ikazinduliwa reli mpya, SGR: kilomita 472 kwa shilingi bilioni 327, injini na mabehewa yakiwemo, yaani karibu shilingi milioni 693 kwa kilomita. Stesheni za abiria ni tisa. Kati ya Emali na Athi River, zaidi ya kilomita 80, hakuna hata moja, na Kima imo katika pengo hilo.

Watetezi wa mpango huu wa stesheni chache wana hoja, na hesabu inawaunga mkono kwa sehemu. Tuseme kusimama mara moja kunapoteza dakika sita, pamoja na kupunguza na kuongeza kasi. Treni yenye abiria 1,200 inapoteza saa 120 za watu. Tuseme tena kwamba mtu wa Kima hupoteza saa mbili kuifuata treni Emali au Athi River. Basi lazima wapande au washuke abiria 60 ndipo hasara ifidiwe. Kwa treni ya moja kwa moja, mimi mwenyewe ningeikatalia Kima.

Lakini SGR nayo ni njia moja. Ina zaidi ya vituo 20 vya kupishania treni, na treni za abiria zinazokabiliana zikikutana, moja lazima ikae pembeni kuisubiri nyingine. Pale ambapo treni ya kaunti, ile inayosimama katika stesheni za njiani, imeshasimama, kumfungulia abiria mlango hakuongezi dakika hata moja. Kinachokosekana ni jukwaa fupi, taa, na mtu wa kukagua tiketi. Katika mradi uliogharimu shilingi milioni 693 kila kilomita, hilo si ombi kubwa. Shirika la Reli la Kenya lichapishe orodha ya vituo ambako treni za kaunti husubiri kupishana na muda zinaokaa hapo, kisha lianze kujenga majukwaa pale ambapo subira ni ndefu na vijiji viko karibu.