Sauti Moja Yaingia, Mbili Zatoka

Sauti hupita katika chuma, hupita pia katika maji, na wataalamu wamekwisha kupima mwendo wake katika vyote viwili. Lakini hupitaje katika kitu kigumu chenye vitundu vilivyojaa maji? Vitu vya namna hiyo ni vingi: mwamba wenye mafuta, mchanga wa chini ya bahari, na hata mfupa wa binadamu.

Mwaka 1956 Maurice Biot, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba katika kitu cha aina hiyo hutokea mawimbi mawili ya mgandamizo, wala si moja. Katika la kwanza, yabisi na kimiminika hutikisika pamoja. Wimbi hili huenda kasi. Katika la pili, yabisi ikisogea mbele kimiminika hurudi nyuma, navyo hupishana ndani ya vitundu. Hili huenda polepole.

Wimbi hilo la pili lilibaki katika hesabu kwa miaka 24. Kizuizi kilikuwa mnato. Mitetemo ikiwa michache, kimiminika hung'ang'ania kuta za vitundu, na msuguano huliua wimbi kabla halijafika mbali. Mitetemo ikiwa mingi, tabaka linalonata ukutani huwa jembamba, na kimiminika kilichobaki hupata uhuru wa kwenda njia yake. Ndiyo maana palihitajika mawimbi yasiyosikika kwa sikio, yaani yazidiyo mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mwaka 1980 Thomas Plona, huko Marekani, aliyapitisha katika kipande cha shanga za kioo zilizounganishwa kwa moto, kikiwa majini. Wimbi moja lilikwenda takriban meta 4,000 kwa sekunde, na jingine kama meta 1,000. Katika maji matupu sauti huenda karibu meta 1,500. Kumbe maji yakichanganyika na kioo kigumu, wimbi moja laenda polepole kuliko katika maji yenyewe! Ni nani angalitabiri hivyo pasipo hesabu?

Jambo hili lina uzito hospitalini. Ndani ya kisigino mna vijiti vyembamba vya mfupa vilivyozungukwa na uboho. Uzeeni, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, vijiti hupungua, na mtu aweza kuvunjika kwa kujikwaa tu. Vipo vyombo vya kupima kisigino kwa mawimbi haya, bila mnururisho wa eksirei. Mwaka 1997 Hosokawa na Otani wa Japani waliyaona mawimbi yote mawili katika mfupa wa ng'ombe. Yakifuata urefu wa vijiti, hutengana vizuri. Yakivikata kwa ubavu, hupandana. Kwa bahati mbaya, kisigino hupimwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na vijiti vyake vingi havielekei huko. Chombo kinachodhani kwamba kimepokea wimbi moja chaweza kutoa kipimo ambacho si cha wimbi lolote kati ya hayo mawili.

Kuyatenganisha si kazi rahisi, lakini kuna faida. Mfupa ukiwa mzito, wimbi la kasi hupata nguvu na la polepole hufifia. Mfupa ukipungua, hali hugeuka.