Hong Kong 1941: Hapa steringi alikufa

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: steringi hafi. Atapigwa, atarushwa dirishani, lakini mkanda ukiisha yuko wima anafuta damu mdomoni. Na mikanda mingi ya namna hiyo ilitoka Hong Kong, kwa akina Bruce Lee na Jackie Chan. Sasa msomaji wangu, wiki hii nakuletea mkanda mwingine wa Hong Kong. Huu ni wa kweli, na masteringi wake walikufa kweli.

Hong Kong ilikuwa koloni la Mwingereza, ambalo alikuja kulirudisha China mwaka 1997. Mwaka 1941 Wajapani, waliokuwa wakiitwanga China tangu 1937, walikuwa wamepiga kambi jirani kabisa na mpaka wake.

Kinachoniuma mimi ni kwamba wakubwa walijua. Januari 1941 Waziri Mkuu Winston Churchill alikwishasema kwamba Japani ikiingia vitani, hakuna matumaini hata kidogo ya kuishika Hong Kong wala kuiokoa. Lakini Novemba 16 mwaka huo huo, wakashushwa bandarini Wakanada 1,975, wengine hata mafunzo hawajayamaliza. Magari yao yalipakiwa meli nyingine, na hayakufika ng'o! Ukiwajumlisha na Waingereza, Wahindi, Wachina na raia wa kujitolea, walikuwa kama 14,000. Ndege za kijeshi? Tano tu, tena kuukuu.

Kasheshe lilianza asubuhi ya Desemba 8, saa chache baada ya Pearl Harbor kushambuliwa. Mabomu yakamiminika uwanja wa ndege wa Kai Tak, na habari za ndege zikaishia hapo. Upande wa bara kulikuwa na msururu wa ngome ulioitwa Gin Drinkers Line, uliotegemewa kumchelewesha adui siku nyingi. Usiku wa pili tu ngome ya Shing Mun ikaangukia mikononi mwa Wajapani. Kufikia Desemba 13 walinzi wote walikuwa wamevuka maji na kujibana kisiwani.

Wajapani wakatuma ujumbe: nyanyueni mikono. Gavana Mark Young akagoma. Desemba 17 wakatuma tena, akagoma tena. Usiku wa Desemba 18 wakavuka.

Sajini, mbwa na wazee

Hapa ndipo pananisisimua. Mlima Butler, Desemba 19, sajini meja John Osborn na wenzake wamezingirwa, wanatupiwa mabomu ya mkono. Jamaa anayadaka na kuyarudisha yalikotoka! Likaja moja ambalo hakuweza kuliwahi. Akawapigia kelele wenzake, kisha akalilalia mwenyewe. Akafa, wenzake wakapona. Baada ya vita akapewa Victoria Cross.

Alikuwepo pia Gander, mbwa mkubwa mweusi aliyekuja na Wakanada. Bomu lilipoangukia karibu na majeruhi, alilibeba kwa mdomo akakimbia nalo. Lilimlipukia. Nishani yake ilitolewa mwaka 2000.

Na wazee je? Pale North Point kituo cha umeme kililindwa na kikosi cha kujitolea kilichokuwa na watu waliozidi miaka 55. Rika la babu zako hao, na bunduki mkononi!

Brigedia John Lawson, mkuu wa Wakanada, alizingirwa kwenye makao yake. Akatoa taarifa kwamba anatoka nje kupigana. Alitoka, akauawa.

Krismasi nyeusi

Desemba 21 Churchill, akiwa mbali huko, alituma salamu: pasiwe na wazo la kusalimu amri. Wakati huo mabwawa ya maji yalikuwa yanatekwa na mji una kiu. Uvumi ukazagaa kwamba jeshi la China linakuja kuokoa jahazi. Halikuonekana.

Asubuhi ya Krismasi askari wa Japani waliingia hospitali ya muda katika shule ya St Stephen's, wakawaua majeruhi vitandani na kuwabaka wauguzi. Jioni, ndani ya hoteli ya Peninsula, gavana alisalimu amri kwa mwanga wa mishumaa. Siku 18, basi. Wenyeji wakaonja utawala wa Mjapani kwa miaka mitatu na miezi minane. Kati ya wale Wakanada 1,975, zaidi ya 550 hawakurudi kwao. Karibu nusu yao walifia utekani.

Kuna watakaokwambia zile siku 18 zilikuwa za heshima. Heshima ya Osborn naikubali kwa mikono miwili. Ila heshima hiyo ni yake, si ya waliomtuma. Wao hesabu walishaipiga mapema, wakaona haitoki, wakapeleka vijana vivyo hivyo.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku bosi akikwambia "kaza hapo hapo, usirudi nyuma", kabla hujakaza muulize swali moja dogo: mwenzangu, wewe uko wapi?