Nafasi ya Uhalisia Pepe katika Kufundishia Maji ya Chini ya Ardhi: Mfano wa Masasi na Newala

Uhalisia pepe ni mazingira yaliyoundwa kwa kompyuta ambamo mtumiaji, akivaa miwani maalumu, huona na kutenda kana kwamba yumo ndani yake. Milgram na Kishino (1994) waliyaweka mazingira hayo kwenye mwisho mmoja wa mstari ambao mwisho wake wa pili ni mazingira halisi. Uhalisia mseto huwa katikati, ukiunganisha vitu vya pande zote mbili. Makala haya yanafafanua ni wakati gani teknolojia hiyo humfaa mwanafunzi wa sayansi na uhandisi, kwa kurejelea Masasi na Newala, mkoani Mtwara.

Masasi ina vilima vya mawe vilivyo wazi. Mwanafunzi wa jiolojia huweza kuvifikia kwa miguu, akaugusa mwamba na kuupima. Hapo miwani haiongezi jambo kubwa. Newala, iliyo juu ya Uwanda wa Makonde, ina hali tofauti. Mvua ya uwandani huzama mchangani, kisha maji hujitokeza chini ya uwanda katika chemchemi kama Mbwinji, inayohudumia mji wa Masasi. Wakazi wa Newala hupandishiwa maji kwa pampu kutoka visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari. Mwendo wa maji ndani ya mchanga hauonekani kwa macho. Modeli ya pande tatu huweza kuudhihirisha, mwanafunzi akabadilisha kiasi cha mvua au kasi ya pampu na kuona usawa wa maji kisimani ukipanda au kushuka. Aidha, huweza kukokotoa kwamba kila mita 100 za kupandisha maji hudai kanieneo ya takribani kilopaskali 980, kabla ya kuhesabu msuguano wa bomba.

Hata hivyo, kuvutiwa si kujifunza. Makransky, Terkildsen na Mayer (2019) walibaini kuwa wanafunzi wa chuo kikuu waliotumia maabara pepe kwa miwani walijihisi zaidi kuwa ndani yake, lakini walijifunza machache kuliko walipoitumia kwenye skrini ya kompyuta. Kwa chuo chenye fedha chache, matokeo hayo ni hoja ya kuanza na kompyuta za kawaida.

Hivyo basi, hojaji ya kuridhika haitoshi kuwa kipimo cha ufanisi. Kipimo stahiki ni iwapo mwanafunzi, baada ya kuvua miwani, anaweza kueleza kwa nini mvua ya uwandani hunyweka bondeni, na kukokotoa nishati ya kuyarudisha maji hayo juu.