NASABA YA PAKA NI AMANA

Wahenga walinena kwamba mtaka nyingi nasaba hupata mwingi msiba. Walikuwa wakimwonya binadamu apendaye kujivunia ukoo wake. Leo twapenda kuliazima neno hilo na kulipeleka kwa paka, maana wako ndugu zetu, hasa wa mijini, wanaotamani kufuga paka wa nasaba, kuwazalisha na kuwauza. Kazi hiyo ni halali, wala si ya kuchekwa. Lakini yafaa mtu akijue anachokishika kabla hajakishika.

Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni la Wazungu peke yao. Katika pwani ya Kenya, baina ya Kilifi na Malindi, uko msitu wa Arabuko-Sokoke. Pande hizo huonekana paka wembamba, wenye miguu mirefu na manyoya mafupi ya kahawia yenye mabaka meusi, mfano wa gome la mti. Wagiriama huwaita khadzonzo. Mwaka 1978 bibi mmoja, mkaaji wa Watamu, alikuta watoto wa paka wa namna hiyo shambani mwake, akawalea na kuwazalisha. Katika miaka ya 1980 baadhi ya paka hao walipelekwa Denmark, na katika miaka ya 1990 shirikisho la vyama vya paka liitwalo FIFe liliwakubali kuwa jamii kamili kwa jina la Sokoke. Tena mwaka 2008 wataalamu waliolinganisha vinasaba vya paka wa nchi nyingi walionyesha kuwa Sokoke ni jamaa wa karibu wa paka wa Lamu, wale wajipitiao vichochoroni wasio na cheti wala cheo. Basi paka wa pwani yetu amekuwa mheshimiwa ng'ambo. Twauliza: ni nani astahiliye kukabidhiwa nasaba kama hiyo?

Swali hili si jipya. Tarehe 13 Julai, 1871, Mwingereza Harrison Weir alitayarisha maonyesho makubwa ya paka katika jumba la Crystal Palace, London. Nia yake ilikuwa watu wamthamini mnyama aliyekuwa akidharauliwa. Maonyesho yalistawi, na mwaka 1887 Weir akawa rais wa kwanza wa chama cha National Cat Club. Lakini mwaka 1892 alijiuzulu, akilalamika kwamba wanachama walishughulikia mno kushinda medali kuliko kumstawisha paka mwenyewe. Mtu aliyelijenga jengo alitoka humo akisikitika. Hilo lapasa kumtuliza kila atakaye kuingia.

Msiba aliouogopa Weir waonekana hata leo. Mwaka 1961 huko Scotland alionekana paka wa shambani ambaye masikio yake yamekunjika kwa mbele. Watu walimpenda, wakazalisha kizazi chake, na jamii hiyo ikaitwa Scottish Fold. Baadaye ilitambulikana kwamba kasoro ile ile ikunjayo sikio huharibu gegedu mwili mzima, hata viungo vya miguu na mkia vikauma na kukakamaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 baraza kuu la paka la Uingereza lilikataa kuendelea kuwaandikisha. Hata hivyo wako mahali pengine wanaozalishwa hadi sasa, kwa kuwa sura yao yapendeza na mnunuzi yupo. Mtu hufurahia sikio, na paka hulipa kwa maumivu.

Tumtazame pia paka wa Kiajemi, mwenye manyoya marefu. Jamii hiyo ilishikwa na ugonjwa wa figo wa kurithi, ambao hujaza figo vifuko vya maji kidogo kidogo mpaka zikashindwa kazi. Mzazi mmoja tu mwenye ugonjwa atosha kuurithisha, na kila mtoto wake ana hatari ya nusu kwa nusu. Uovu wake mkubwa ni kwamba paka huweza kuonekana mzima kwa miaka, akazaa mara nyingi, ndipo augue. Tangu mwaka 2004 kipimo cha vinasaba chapatikana. Kwa hiyo mfugaji wa leo hana udhuru wa kusema hakujua. Asiyepima amechagua kutojua.

Liko na jambo la damu. Paka wana makundi ya damu kama watu, na yaliyo makubwa ni A na B. Jike wa kundi B akipandwa na dume wa kundi A, watoto waweza kuzaliwa wazima kabisa, wakanyonya dang'a la mama yao, na dang'a hilo likawa sumu kwao, kwa maana lina kinga iharibuyo damu ya kundi A. Watoto hufifia na kufa katika siku zao za kwanza, na mwenyewe husingizia jicho baya. Kumbe kupima damu ya wazazi mapema kungaliwaokoa.

Hayo ni ya kabla ya mimba. Mimba yenyewe huchukua wiki 9 hivi, na paka hachagui saa ya kazi kuzaa. Mfugaji mwema hukesha. Mtoto aliyezaliwa ana uzito wa kama gramu 100 tu; hupimwa kwa mizani ndogo kila siku, na asipoongezeka huwa ni onyo. Jike akisukuma kwa muda mrefu bila kuzaa, daktari wa mifugo huitwa usiku ule ule, na malipo yake aghalabu hupita bei ya mtoto mmoja. Aliyeingia katika kazi hii kwa kutafuta faida hapo ndipo moyo wake hujulikana. Jike naye hahesabiwi kuwa mashine. FIFe hairuhusu azae zaidi ya mara 3 katika miezi 24, isipokuwa kwa idhini maalumu.

Wakati wa kuuza ukifika, mfugaji mwema hana haraka. Humweka mtoto kwa mama yake mpaka wiki 12 hivi, akiisha kuchanjwa na kupewa dawa ya minyoo, naye amejifunza adabu kwa mama na ndugu zake. Humwuliza mnunuzi maswali, na asiporidhika humnyima, hata kama fedha ziko mezani. Huandika ukweli wote wa afya katika cheti. Na mnunuzi akishindwa kumtunza paka, aliyemzalisha humpokea tena. Huyo ndiye twamwita mfugaji. Mwingine ni mchuuzi.

Labda msomaji atasema: paka wenye njaa wamejaa masokoni, ya nini kuwazalisha wengine? Neno hilo ni la haki, wala hatulikwepi. Ndiyo maana asiye na hakika ya makazi ya kila mtoto asizalishe hata mmoja, na paka wasiohitajiwa kwa uzazi wahasiwe. Asiye na nafasi, wakati na akiba ya daktari atafanya wema mkubwa zaidi akimchukua paka mmoja wa sokoni, akamlisha, akamchanja na kumhasi.

Turudi sasa kwa Sokoke. Paka waliovuka bahari walikuwa wachache, na wachache wakizaana wao kwa wao, ndugu kwa ndugu, kizazi hudhoofika. Wenye daftari wangaliweza kufunga mlango na kujisifia usafi wa damu. Hawakufanya hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walichukuliwa paka wengine kutoka pwani ile ile, wasio na babu aliyeandikwa po pote, wakaingizwa katika uzazi ili watie damu mpya. Yule wa kijijini alikwenda kumtegemeza mheshimiwa.

Hapo twaona maana ya methali tuliyoanza nayo. Nasaba itakwayo kwa majivuno huleta msiba, na wa kwanza kuupata ni mnyama asiyeweza kulalamika. Nasaba ishikwayo kama amana yadai mtu apime, akeshe, aseme kweli, na mara nyingine akubali kwamba paka wake mzuri kuliko wote hafai kuzaa, basi amhasi na kumpenda vivyo hivyo. Siku hiyo hakuna medali itakayotolewa wala shahidi atakayesimama. Lakini siku hiyo ndiyo ya kumpimia mfugaji.