Mama Amemaliza Matibabu ya Saratani: Tumtunzeje Nyumbani?

Leo nazungumza na wewe ambaye mama yako alifanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti, akamaliza dawa za kemotherapi, na sasa yuko nyumbani. Majirani wamekuja kushukuru Mungu pamoja nanyi. Lakini wewe unajiuliza: mbona mama bado analala mchana? Mbona sahani inarudi na chakula?

Uchovu huo si uvivu, na mara nyingi hauna maana kwamba ugonjwa umerudi. Dawa zilizoua chembechembe za saratani ziligusa pia chembechembe nzima. Uchovu unaweza kuendelea kwa miezi kadhaa. Mpe chakula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku: uji, mayai yaliyoiva vizuri, ndengu, samaki, maziwa yaliyochemshwa. Akiwa na vidonda mdomoni, epuka pilipili, na asukutue kwa maji yenye chumvi kidogo.

Sasa sikiliza kwa makini. Hatari kubwa katika majuma ya kwanza baada ya dawa ni homa. Kemotherapi hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Joto likifika nyuzi 38, au mama akitetemeka kwa baridi, usiseme "ni malaria tu" ukakimbilia dukani kununua tembe. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Beba kadi yake na useme mara tu unapofika: "Mama alipata kemotherapi tarehe fulani." Wazazi wetu wengi huficha homa ili wasisumbue watoto. Kwa hivyo muulize kila asubuhi, na umguse.

Jambo la pili ni mkono wa upande uliopasuliwa. Tezi za kwapa zikiondolewa au kuchomwa kwa miale, maji ya mwili hayapiti vizuri, na mkono unaweza kuvimba, hata baada ya miaka. Daktari akiruhusu, mama achane nywele kwa mkono huo na apandishe vidole ukutani polepole kila siku. Mtungi wa lita 20 abebe kijana. Akipalilia, avae glavu, na jeraha dogo lioshwe mara moja. Mkono ukivimba, ukawa mwekundu na moto, usingoje.

Akipewa tembe za tamoxifen, azimeze kila siku, kwa kawaida miaka 5 au zaidi. Asiziache kwa sababu amepata nguvu. Akitokwa na damu ukeni, amwone daktari. Dawa za mitishamba pia, daktari aulizwe kwanza.

Mwisho, usimnyang'anye kazi zote. Mwache achambue mboga na kumshika mjukuu, mradi mtoto hana mafua. Kuleni pamoja, kwani saratani haiambukizi. Na wewe mlezi, gawana zamu na ndugu zako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Halafu mweleze muuguzi wa kituo chako kwamba mama aliugua, ili nawe upimwe matiti.

Ni mimi muuguzi wako wa jamii. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.