Kwa nini mafunzo ya walimu wa awali yanahitaji wazee wa kijiji

MTOTO wa miaka mitano anayeingia darasa la awali katika kijiji cha Wilaya ya Chato, mkoani Geita, haji mikono mitupu. Nyumbani amekwisha kujifunza kumwamkia bibi yake kwa "mwangaluka", kuhesabu ndama wanaporudi zizini na kutegua vitendawili. Lakini mara nyingi hayo yote ameyajua kwa Kisukuma au Kizinza, ilhali darasani atapokewa kwa Kiswahili.

Mwalimu asiyeandaliwa kumpokea mtoto wa namna hiyo anaweza kuudhania ukimya wake kuwa ni uzito wa akili, kumbe ni ugeni wa lugha.

Suala hilo limekuwa zito zaidi tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilipoifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016 nayo iliongeza watoto madarasani, wakiwamo wale ambao nyumbani hawasikii Kiswahili.

Katika shule za umma, Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia elimu ya awali. Wakati huo huo, Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitaka jamii zijivunie lugha zao na kuendelea kuzitumia. Mwalimu ndiye anayeachiwa kazi ya kuyaoanisha maelekezo hayo mawili.

Mfano wa Kanada na Mombasa

Nchini Kanada, mwaka 1989, baraza la jamii za wenyeji wa asili la Meadow Lake, jimboni Saskatchewan, lilikiomba Chuo Kikuu cha Victoria kishirikiane nalo kuandaa mafunzo ya walezi wa watoto wadogo. Wazee waliingia darasani wakafundisha pamoja na wakufunzi. Wanachuo walisoma nadharia za vitabuni, kisha wakazipima kwa malezi ya kwao.

Katika Afrika Mashariki, Mpango wa Madrasa wa Elimu ya Awali ulianzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda. Wanawake wa mitaa ile ile walifunzwa ualimu, na zana za kufundishia zilitengenezwa kwa vitu vilivyopatikana karibu. Wazazi hawakulazimika kuchagua kati ya dini yao na maandalizi ya shule.

Itakavyokuwa Chato

Kwa Chato, njia hiyo haihitaji gharama kubwa. Mchezo wa bao, ambao Wasukuma huuita isolo, unafundisha kuhesabu, kujumlisha na kungoja zamu. Shikome, yaani moto wa jioni ambapo wazee walikuwa wakiwafunza vijana, ni hazina ya hadithi. Watoto wa kando ya Ziwa Victoria wanaweza kupanga samaki kwa ukubwa kabla hawajajua kuandika tarakimu. Mwanachuo wa ualimu anaweza kupewa zoezi la kukusanya hadithi kwa mzee wa kijiji, kisha aisimulie darasani kwa Kiswahili chepesi, akianza na maneno ambayo mtoto anayajua.

Hata hivyo, vipo vikwazo. Chato si ya kabila moja: wapo Wasukuma, Wazinza na Wasubi, pamoja na wavuvi na wachimbaji wadogo wa dhahabu waliotoka mikoa mingine. Utamaduni wa kabila moja ukitawala darasani, watoto wengine watabaki wageni. Aidha, si kila desturi inafaa kuingizwa shuleni. Ile inayomwachia mtoto wa kike kazi ya kulea wadogo zake wakati wenzake wanasoma haistahili kutetewa kwa jina la mila.

Kwa sababu hiyo, mafunzo hayawezi kumkabidhi mwalimu utamaduni uliofungwa tayari kama kifurushi. Yanachoweza kumpa ni ustadi wa kuuliza, kusikiliza na kuchambua.

Wazazi wanaotaka watoto wao wajue Kiswahili mapema nao wana haki. Lugha ya nyumbani haiji kukipinga Kiswahili. Mtoto aliyeelewa hadithi kwa lugha ya bibi yake hupata pa kuanzia anapoisikia tena kwa lugha ya shule.