Watu 43 wa Rukwa

Uchaguzi wa rais ukikaribia na redio ikatangaza matokeo ya utafiti wa maoni, swali linalosikika hapa Namanyere, mkoani Rukwa, ni lile lile: mbona mimi sikuulizwa, wala jirani yangu, wala yeyote ninayemfahamu? Ni swali la haki, na linastahili kujibiwa kwa hesabu.

Septemba 2015 shirika la Twaweza, kupitia mpango wake wa Sauti za Wananchi, ilitangaza kwamba John Magufuli wa CCM alikuwa na asilimia 65, na Edward Lowassa wa CHADEMA, aliyeungwa mkono na umoja wa vyama vya upinzani, UKAWA, asilimia 25. Waliohojiwa Tanzania Bara nzima walikuwa 1,848. Kwa sensa ya 2012, Rukwa ilikuwa na watu 1,004,539 kati ya 43,625,354 wa Bara. Ukigawa kwa uwiano, mkoa wetu unaambulia watu kama 43. Wagawe tena kati ya Sumbawanga, Kalambo na Nkasi, uone Namanyere inabaki na wangapi. Huenda hata mmoja asipatikane.

Wengi husikia hivyo wakasema basi ni uongo mtupu. Hapana. Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima chini. Huchoma bambo, akatoa punje chache, akajua alichonacho. Ila achome juu, katikati na chini, maana akiishia juu ataona kile tu ambacho muuzaji alitaka kionekane. Uzito wa utafiti uko hapo: je, kila mpiga kura, wa Kirando ziwani na wa Kariakoo, alikuwa na nafasi ya kuangukiwa na bahati nasibu? Kama alikuwa nayo, watu 1,848 wanatosha kuisemea nchi, na kosa la bahati kwa hesabu rahisi halizidi sana pointi mbili juu au chini. Lakini wale 43 hawawezi kuisemea Rukwa, kwa sababu kosa lao linafika pointi 15 kila upande. Anayechukua utafiti wa taifa akatamba kwamba "Rukwa inasema hivi" anawapotosha watu. Mfano ni mwaka 2020: Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Magufuli mshindi kwa asilimia 84.4 nchi nzima, lakini jimbo letu la Nkasi Kaskazini likampeleka bungeni Aida Khenani wa CHADEMA, mgombea pekee wa chama hicho aliyetangazwa kushinda ubunge wa jimbo.

Turudi 2015, maana jambo zito liko huko. Watafiti wa kampuni ya Ipsos nao walimpa Magufuli asilimia 62 na Lowassa 31. Oktoba 25 kura zikapigwa: Magufuli 58.46, Lowassa 39.97. Mshindi alitabiriwa sawasawa, ila Lowassa alipata karibu pointi 15 zaidi ya alizopewa na Twaweza. Kosa kubwa namna hiyo, kwa sampuli ya watu 1,848, haliletwi na bahati.

Muda unaeleza sehemu yake. Mahojiano ya Twaweza yalifanyika kati ya Agosti 19 na Septemba 7, kampeni zilipokuwa ndiyo kwanza zinaanza. Njia ya kuwafikia watu nayo ina mchango wake. Sauti za Wananchi iliwapigia simu watu waliochaguliwa kabla, na kwa busara ikawagawia simu na chaja za sola ili maskini wasiachwe nje. Hata hivyo mvuvi wa dagaa hushinda amelala baada ya usiku wa kazi, na simu iliyo mkononi si lazima ipokelewe.

Mimi nina shaka zaidi na hofu. Mwaka 2010 watafiti wa REDET ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walimpa Jakaya Kikwete wa CCM asilimia 71 na Willibrod Slaa wa CHADEMA 12. Kampuni ya Synovate ikampa Slaa 16. Slaa alipata zaidi ya 26. Kosa la bahati huyumba huku na huko. Hili limemwangukia mgombea mkuu wa upinzani katika chaguzi mbili mfululizo. Mtu asiyemjua anayemuuliza hutoa jibu lisilomletea matatizo. Watafiti wa Afrobarometer wanalijua hilo, ndiyo maana mwishoni mwa mahojiano humuuliza mtu anadhani nani amewatuma.

Dawa ya hofu hiyo ni kuwa na watafiti wengi, wanaohoji kwa njia tofauti na kuchapisha bila woga, ili kosa la mmoja lionekane kwa mwingine. Sisi tulielekea upande mwingine. Julai 2018 Twaweza ilichapisha kwamba waliokubali utendaji wa Rais Magufuli wameshuka hadi asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ikaihoji kuhusu kibali, na mkurugenzi wa Twaweza, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasipoti. Septemba mwaka huo Sheria ya Takwimu ikakazwa. Benki ya Dunia ikalalamika, na 2019 Bunge likailegeza. Lakini mtafiti aliyeona yaliyompata mwenzake hapimi hatari kwa kusoma sheria peke yake. Na mkulima wa Chala anayepigiwa simu na sauti asiyoijua, akaulizwa atampigia nani kura, anayapima majibu yake kwa namna hiyo hiyo.